Kuikarabati Nyumba ya Vyumba Sita: Mtindo Gani wa Kuazima, na Uazime Nini Ndani Yake

Nyumba ya vyumba sita ndiyo iliyowalea wakazi wengi wa Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, na anayefika Tanga, Bagamoyo au Morogoro huikuta ikiwa na umbo lilelile: baraza mbele, ukumbi unaoipasua nyumba katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kisha ua wenye jiko, bafu na choo. Umbo hilo lilifaa kwa sababu kila chumba kiliweza kupangishwa peke yake, na wapangaji wote wakatumia ukumbi na uani kwa pamoja. Siku hizi nyumba nyingi za namna hiyo zinarudi mikononi mwa familia moja, mara nyingi ya warithi, wanaotaka sebule pana, jiko la ndani na choo kisichomlazimu mtu kutoka nje usiku. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, ingawa mengi yaliyomo yanaihusu nyumba yoyote ya matofali na bati katika ukanda wa joto la pwani.

Mwenye nyumba akianza kutafuta mifano, kwanza hukutana na picha: sebule nyeupe za Sweden, mabafu ya Marrakech, vyumba vitupu vya Japani, nyumba za Lamu zilizopigwa picha jioni. Picha huonyesha sura ya mtindo na kuficha sababu yake. Kila mtindo ulizaliwa mahali fulani ukijibu shida ya mahali hapo, iwe baridi, jua kali, uhaba wa mwanga, msongamano wa majirani au ufupi wa mbao zilizopatikana. Kabla hujaazima chochote, jiulize mtindo huo ulikuwa ukijibu shida gani, na kama shida hiyo iko kwako. Ikiwa haipo, utabeba gharama ya jibu la swali usiloulizwa.

Kwanza paa, maji na kuta

Hakuna mtindo unaodumu juu ya ukuta wenye unyevu. Katika nyumba za zamani, rangi huanza kubanduka sehemu ya chini ya ukuta, ikiacha unga mweupe wa chumvi, na mafundi wengi hupendekeza kukwangua na kupaka upya. Baada ya masika moja doa hurudi. Chanzo huwa kimojawapo kati ya haya matatu, au yote kwa pamoja: ukuta ulijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, lipu ilichanganywa kwa mchanga wenye chumvi ya bahari, au maji ya paa yanaanguka kando ya ukuta kwa sababu nyumba haina mifereji. Anza na la mwisho, kwa kuwa ndilo rahisi kuliko yote. Weka mifereji, peleka maji mbali au kwenye tangi, kisha shusha ardhi ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani na uitengenezee mteremko unaokimbia ukuta. Ndipo ubomoe lipu iliyooza hadi kuvuka kimo cha doa, uuache ukuta ukauke kwa muda wa kutosha, na kupiga lipu mpya kwa mchanga wa mtoni uliochekechwa.

Ikiwa nyumba yako ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na sehemu za zamani za Mombasa na Bagamoyo, kanuni inabadilika kabisa. Chokaa ya asili, iliyopatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuri la magogo na kuizima kwa maji, ina vitundu vinavyouruhusu ukuta kunyonya unyevu na kuutoa. Lipu ya saruji juu ya ukuta huo huufungia unyevu ndani. Chumvi hukusanyika nyuma yake, jiwe likamomonyoka taratibu huku uso wa nje ukionekana mzima, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vikaoza bila kuonekana. Kwa hiyo rudishia chokaa mahali palipokuwa na chokaa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, na katika miji hiyo hupaswi kubadili dirisha, mlango wala paa kabla ya kupata idhini ya mamlaka ya uhifadhi. Kwingineko utahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri iwapo unabomoa kuta au kuongeza chumba.

Paa likaguliwe mapema pia. Bati lililotoboka hubadilishwa bila shida, lakini ukikuta vigae vikubwa vya kijivu vyenye mawimbi, au mbao za dari za zamani za kijivu zisizo za mti, huenda ni asbestosi. Visikatwe, visitobolewe wala kusuguliwa, kwa maana vumbi lake hudhuru mapafu kwa miaka mingi baadaye, na kuviondoa ni kazi ya watu waliofunzwa. Nyaya za umeme zilizopitishwa kiholela kutoka chumba cha mpangaji mmoja hadi kingine zing'olewe zote, na kazi mpya apewe fundi umeme mwenye leseni.

Ukumbi usizibwe

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika ukarabati wa nyumba hizi ni kuzibwa kwa ukumbi. Mwenye nyumba anataka jiko la ndani, anaangalia mwisho wa ukumbi karibu na mlango wa uani, anaona nafasi isiyo na kazi, anaijengea kabati na sinki. Kuanzia siku hiyo nyumba nzima inakuwa na joto, na inayofuata ni safari ya kununua kiyoyozi. Ukumbi ndio koo la nyumba: upepo huingia barazani na kutokea uani, au kinyume chake, ukivuta hewa ya vyumba vyote sita. Pwani yetu ina upepo wa kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini mashariki takriban Desemba hadi Machi, na wa kusi, unaovuma kutoka kusini mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Mbunifu yeyote wa ndani akikuchorea mpango bila kuuliza upepo unaingilia wapi, mrudishie karatasi yake.

Jiko la ndani liwekwe katika chumba cha mwisho kinachopakana na ua, na dirisha lake lifungukie uani. Sebule ipatikane kwa kuunganisha vyumba viwili vya mbele vya upande mmoja, ambavyo vikiungana huwa na upana wa kutosha kwa makochi na meza ya chakula. Lakini kabla nyundo haijagusa ukuta, panda darini utazame kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimeegemea wapi. Katika nyumba nyingi za aina hii, kuta mbili za ukumbi na kuta zinazogawa vyumba hubeba sehemu ya uzito wa paa, na kwa sababu hiyo uwazi wowote mpana unahitaji mkanda wa zege wenye nondo, uliokokotolewa na mhandisi, na paa lishikiliwe kwa nguzo za muda hadi zege ikomae. Zege humwagiwa maji kwa siku 7 za mwanzo angalau, na huhesabiwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Fundi anayetaka kuondoa nguzo baada ya siku chache asikubaliwe, hata akiwa na haraka ya kwenda kwenye kazi nyingine.

Juu ya kila mlango wa chumba acha uwazi wenye nakshi ya mbao au matofali yenye matundu, ili hewa ya moto inayopanda ipate njia hata mlango ukiwa umefungwa. Kati ya bati na dari acha matundu ya kutolea joto, yenye wavu wa kuzuia ndege na popo, na ikiwezekana tandaza chini ya bati karatasi ya foili inayorudisha joto juu. Madirisha ya alumini ya kusukuma yamekuwa kama sare ya nyumba mpya, ingawa yana dosari moja ambayo wauzaji hawaisemi: kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, hivyo dirisha la mita moja na nusu hufunguka kwa nusu yake tu. Dirisha la mabawa, au la vibao vya kioo vinavyolala, hufunguka karibu lote. Kwenye kuta zinazotazama mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la alasiri hupiga moja kwa moja, weka madirisha machache na uyape kivuli.

Mtindo wa Lamu na Zanzibar

Watu wengi wakitaka nyumba "ya Kiswahili" hununua mlango wa nakshi na kuridhika. Mlango ni mzuri, lakini hekima ya nyumba ya Lamu iko katika mpangilio wa ndani. Mgeni hupita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha hugeuka kabla ya kufika kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu, ili anayepita njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kutoka kiwanda vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, kwanza kile kiitwacho msana, kisha kile kiitwacho ndani, kila kimoja kikiwa na faragha na kivuli zaidi ya kilichotangulia. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka upana mkubwa sana, kwa kawaida chini ya mita 3. Ufupi wa mti ndio uliozaa uzuri tunaousifu.

Cha kuazima hapa ni faragha ya mlangoni. Katika nyumba ya vyumba sita, mlango wa mbele ukiwa wazi mpita njia anaona mpaka uani. Kizuizi kimoja cha mbao chenye matundu, kilichowekwa hatua chache ndani ya ukumbi bila kufika dari wala kuziba upana wote, hukata macho na kuacha upepo upite.

Zidaka, zile safu za vishubaka vya lipu ya nakshi zilizopamba kuta za ndani za nyumba za matajiri wa Lamu na kufikia ustadi wa juu katika karne ya 18, zilichongwa katika kuta nene za karibu nusu mita. Ukuta wako wa tofali la inchi 5 au 6 hauwezi kuchimbwa hivyo bila kudhoofika. Ukizitaka, jenga mbele ya ukuta uliopo ukuta wa pili usiobeba mzigo, wenye kina cha sentimita 20 hadi 25, na ndani yake uache vishubaka vya ukubwa tofauti vinavyofuata mstari mmoja wa katikati. Upake wote rangi moja nyeupe iliyofifia. Vyombo utakavyoviweka ndivyo vitakavyoleta rangi. Kwa maoni yangu, ukuta mmoja wa namna hiyo sebuleni unatosha, na wa pili tayari ni maonyesho.

Kuhusu milango ya nakshi, ile yenye kichwa cha mraba ni ya jadi ya zamani zaidi, na ile yenye tao juu ilienea Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Agiza mlango mpya kwa seremala anayejua kazi, wa mbao ngumu kama mkongo, mvule, mninga au msaji, na usinunue ule uliong'olewa kwenye nyumba ya kale, kwa sababu soko la milango hiyo ndilo linalobomoa nyumba nyingine. Mlango mzito wa namna hii hautulii kwenye ukuta mwembamba. Miimo yake ishikwe kwa nguzo mbili za zege zilizofungwa na mkanda wa juu.

Mitindo ya mbali

Geoffrey Bawa, msanifu wa Sri Lanka aliyefariki mwaka 2003, anapaswa kuwa mwalimu wa kwanza wa yeyote anayeunganisha vyumba vidogo katika mji wenye joto. Nyumba yake mwenyewe mjini Colombo haikuwa jumba: alizinunua moja baada ya nyingine nyumba nne ndogo zilizopangana kwenye kichochoro, akaziunganisha kuwa makazi marefu yenye viwanja vidogo vya ndani na visima vya mwanga vinavyoleta hewa mpaka katikati. Colombo iko karibu digrii 7 kaskazini ya ikweta, Dar es Salaam karibu digrii 7 kusini yake, na joto lenye unyevu la huko ni ndugu wa la kwetu. Badala ya kuezeka ua wote ili kupata nafasi zaidi, jambo linalofanyika sana, fuata njia yake: ezeka kando tu, acha kati wazi, panda mlimau au mpera, na vyumba vya nyuma vifungue madirisha mapana kuelekea hapo. Mfano wa nyumbani pia upo. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyotoa kivuli na kuruhusu hewa kupita bila mashine.

Morocco inatufaa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu nayo ni nchi ya chokaa na ua wa ndani. Lipu yake ya tadelakt ni chokaa inayosuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa sabuni ya mafuta ya zeituni mpaka ikawa na mng'ao na kuyakataa maji, ndiyo maana hutumika mabafuni. Ni kazi ya mkono mwepesi na subira. Fundi wako aijaribu kwanza kwenye mita moja ya mraba nyuma ya nyumba. Vigae vidogo vya rangi za Kimorocco viwekwe nyuma ya sinki au kwenye ngazi za mlangoni, visitandazwe chumba kizima.

Mtindo wa nchi za Skandinavia ndio unaoigwa kwa pupa kuliko yote na ndio unaohitaji tahadhari zaidi. Kuta nyeupe, sakafu nyepesi na madirisha yasiyo na pazia vilibuniwa na watu ambao Desemba huliona jua kwa saa chache tu na hulazimika kulikusanya kila mwale. Sisi jua linatuzidi. Marumaru nyeupe zinazong'aa katika sebule ya Dar es Salaam huumiza macho saa sita mchana na huonyesha kila punje ya mchanga. Chukua kwao samani nyepesi zenye miguu mirefu, ambazo hewa na ufagio hupita chini yake, kabati zilizopangwa kwa akili, na desturi ya kuweka taa kadhaa ndogo za chini badala ya moja kali katikati ya dari. Mbao za msindano kutoka Sao Hill, Mufindi, zinashabihiana sana na zile za kwao, lakini lazima zitiwe dawa ya mchwa kabla ya kuingia ndani.

Kwa Wajapani azima mlango wa kusukuma, unaookoa nafasi katika chumba kidogo na kwenye bafu la ndani, basi. Kuvua viatu mlangoni tayari ni desturi yetu, na mkeka wa ukindu unatosha kuwa zulia.

Sakafu, rangi na taa

Sakafu ya niru iliyosuguliwa vizuri, yenye rangi nyekundu ya zamani au ya kijivu, ni baridi mguuni, ni nafuu, na haipitwi na wakati. Terazo, yaani sakafu ya saruji yenye vipande vya mawe iliyosuguliwa, ni bora zaidi kwa mwenye uwezo. Ukichagua marumaru, zichukue zisizoteleza, na ununue zaidi ya hesabu kwa takriban asilimia 10, zote kutoka toleo moja, kwa kuwa rangi ya toleo jingine haitafanana. Sakafu ya bafu iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Lipu mpya iachwe ikauke kwa takriban wiki 4 kabla ya rangi. Paka jaribio la rangi kwenye kuta mbili zinazopata mwanga tofauti na ulitazame asubuhi, mchana na usiku. Ukumbini, ule mkanda wa rangi ya mafuta wa kimo cha mita 1.2 ambao wazee waliupenda na vijana wanauona umepitwa na wakati ndio unaofutika alama za mikono na mabega, na kwa rangi ya kijani iliyopooza au ya udongo unapendeza kweli. Balbu za sebuleni na vyumbani ziwe za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000. Zile za 6500, zinazouzwa kila duka, hufanya ngozi na chakula vionekane kama viko zahanati. Pangaboi lining'inie angalau mita 2.3 kutoka sakafuni, kwa hiyo usishushe dari kwa ngazi za jipsamu kisha ukakosa mahali pa kulifunga. Jipsamu yenyewe hairidhii kuvuja hata mara moja.

Mpangilio wa kazi na malipo

Kazi ifuate mkondo huu: paa na mifereji, kubomoa na kumwaga zege, mabomba na nyaya ndani ya kuta, lipu, dari, sakafu, rangi, kisha kabati na milango ya ndani. Kila fundi anayeingia kabla ya zamu yake ataharibiwa kazi na anayemfuata, na lawama zitakurudia wewe. Andikeni makubaliano, hata ya ukurasa mmoja, yakitaja vipimo, aina ya vifaa na hatua za malipo. Lipa baada ya kila hatua kukamilika na ubakishe sehemu ya mwisho mpaka mvua moja nzuri imenyesha na paa halijavuja. Kabla lipu haijafunika mabomba na nyaya, zipige picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia ndani ya picha, ili siku ya kutundika kabati usitoboe bomba.

Makochi, vitanda na mapazia viagizwe mwisho, kwa vipimo vilivyochukuliwa upya baada ya lipu na sakafu, kwa maana dirisha lililokuwa na sentimita 150 kwenye mchoro hutoka na 146, na lango la sebule huwa jembamba kuliko kochi ulilolilipia.